Koti Ndani ya Koti

Wenzake kazini walimwita Mpekuzi, naye hakulikataa jina hilo kwa kuwa lilimstahili. Hakuna nguo ya mtumba aliyoinunua bila kuigeuza nje ndani, kuvuta mshono mmoja mmoja, kunusa kwapa, kukagua vifungo na kutia mkono katika kila mfuko kana kwamba yeye ni afisa forodha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifagia na kupiga deki ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi za mji, na katika miaka hiyo yote hakuvaa kitu ambacho hakikuvaliwa kwanza na mtu mwingine, isipokuwa sare ya kijivu aliyopewa na ofisi yenyewe. Hakuona haya kwa hilo. Aliona haya kwa mambo mengine, na mengi ya hayo hayakuwa makosa yake.

Kilichomnyima raha mwezi ule ni barua. Ilimwalika kwenye usaili wa nafasi ya msimamizi wa usafi, Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Aliisoma akiwa amesimama katika stoo ya mafagio, mgongo ameuegemeza mlangoni. Sentensi ya mwisho ilikuwa imekolezwa wino: wasailiwa wote wafike wakiwa wamevaa mavazi ya kiofisi yenye heshima, na atakayekiuka hatasikilizwa.

Hapa pana jambo lisilofaa kupitwa kimya. Ofisi iliyomvika mwanamke kijivu kwa miaka kumi na mmoja, kwa mshahara unaotosha sabuni na unga, sasa ilimtaka aje mbele yake akiwa amefanana na mtu ambaye haijawahi kumlipa vya kutosha ili awe. Aliyeandika sentensi ile hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi tu kujiuliza mfagizi analitoa wapi koti.

Mpekuzi aliitaka nafasi ile kwa sababu ambayo angeweza kumweleza yeyote kwa kunyoosha viganja vyake. Dawa ya kusafishia vyoo iliwachubua wafagizi mikono, na glavu zilikuwamo jengoni, pakiti juu ya pakiti, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulikaa kwa msimamizi. Msimamizi aliyestaafu alizitoa siku za ukaguzi, kisha akazirudisha. Mpekuzi alikuwa amelalamika kwa mdomo, kwa maandishi, na mara moja mbele ya mkurugenzi mwenyewe ndani ya lifti. Wote walimsikiliza vizuri sana. Sasa aliutaka ufunguo.

Siku hiyohiyo, Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, alivuka barabara hadi kwenye duka la mitumba.

Duka lilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa ghala, na harufu ya dawa ya nondo ilimpokea mtu kabla ya mwenye duka. Nguo zilitundikwa kwenye mabomba ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta: magauni, mashati, suruali, nguo za watoto, mapazia, na mwisho kabisa, karibu na choo, makoti mazito ya baridi ambayo hakuna aliyeyanunua, kwani baridi ya mji ule haikudumu wiki tatu. Juu ya meza ya mwenye duka palining'inia kipande cha boksi chenye sheria zilizoandikwa kwa mkono. Hatuweki kando. Hatubadilishi. Ijumaa ni nusu bei. Vya dirishani havina Ijumaa.

Kwa sheria hizo wateja walikuwa wamejitungia ya kwao, isiyoandikwa popote. Mtu akikuta nguo nzuri siku za mwanzo wa wiki na mfuko haujaruhusu, aliificha mahali pasipo pake, akairudia Ijumaa. Kila mmoja alikuwa na ficho lake na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyeligundua. Seremala mmoja mwenye masharubu alilaza viatu ndani ya masanduku ya safari. Mama mmoja kijana alikunja sweta za mtoto ndani ya mapazia. Mpekuzi, ambaye macho yake hayakuwahi kupumzika, alizijua siri zao zote, na ya kwake aliiona kuwa ndiyo ya mwisho kufikiriwa na binadamu: makoti ya baridi.

Koti alilikuta mchana huo. Lilikuwa la bluu iliyoiva, la vifungo vitatu, bitana yake nzima, mabega yamekaa kama yaliyopimwa kwake. Alilipekua kama kawaida yake. Ndani ya mikono alikuta pindo pana, kitambaa cha vidole vitatu kilichokunjwa na kushonwa kwa uzi wa mkono. Mwenye koti wa kwanza alikuwa mtu mfupi wa mikono kama yeye. Alilivaa mbele ya kioo kilichopasuka kona, akasimama wima, akajitazama kwa jicho la jopo la usaili. Mwanamke wa kwenye kioo alionekana mtu wa kukabidhiwa ufunguo.

Bei yake ya Jumatatu hakuiweza. Ya Ijumaa, kwa kujibana, aliiweza. Akatazama kulia na kushoto, akalivisha koti la bluu ndani ya koti kubwa la kiume la manyoya, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni, akalirudisha kwenye bomba. Kisha akaondoka akitembea polepole mno, kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Tangu saa hiyo hakukalika. Jumanne mchana alikwenda kuangalia, akapapasa kifua cha koti la manyoya, akahisi kifungo cha bluu chini yake, akarudi kazini bila kula. Jumatano alikwenda mara mbili. Usiku aligeuka kitandani hadi mumewe, fundi saa aliyeweza kukaa juu ya kigoda saa sita akichokonoa springi isiyozidi unywele, akauliza gizani kama kuna kitu kinamng'ata.

"Koti," alisema Mpekuzi.

"Lina kunguni?"

"Lipo dukani. Nimelificha."

Mumewe alimgeukia. "Sasa kama umelificha, mbona wewe ndiye huna usingizi? Anayetafuta ndiye angehangaika."

"Lala, baba watoto. Kesho una saa za watu."

Jumatano hiyohiyo alikuwa amekutana ngazini na shoga yake wa kazini, mfagizi wa ngazi na ghorofa ya chini, mwanamke aliyeitwa Mrefu kwa sababu alifuta vioo vya juu bila kupanda kitu. Mrefu naye alikuwa amepata barua.

"Shoga, umepata cha kuvaa?" Mrefu aliuliza. "Mimi kila nikivaa kitu nafanana na mlingoti uliovikwa bendera."

"Bado naangalia angalia," alisema Mpekuzi.

"Ukiona kinachonifaa niambie, tafadhali. Wewe ndiye mwenye macho."

"Nitakwambia."

Alishuka na ndoo yake akijisikia vibaya. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini yeye, aliyewasimanga wakubwa miaka kumi na mmoja kwa kufungia vitu vya watu kabatini, alikuwa amefungia kitu cha watu ndani ya koti la manyoya. Alilitambua hilo waziwazi. Hata hivyo, Alhamisi alikwenda tena kupapasa.

Ijumaa alitoka kazini dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kabla hajavuka barabara aliliona. Koti la bluu lilikuwa dirishani. Lilivishwa sanamu isiyo na kichwa, kola imesimamishwa, na kibandiko kipya kimebanwa kwenye kifungo cha katikati. Bei ilikuwa juu kuliko ile ya Jumatatu.

Mwenye duka, mwanamke mnene aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alikuwa akipanga hanga mezani wakati Mpekuzi alipoingia.

"Lile koti la dirishani lilikuwa kule nyuma," alisema Mpekuzi.

"Kule nyuma wapi?"

"Kule nyuma."

Mwenye duka aliinua macho, akatabasamu bila haraka. "Ndani ya lile la manyoya, limefungwa vifungo mpaka kooni kama mtoto mwenye kikohozi? Mama yangu, hebu nikwambie kitu, kwa sababu wewe ni mteja wangu. Marobota yakifunguliwa humu, nguo ni mia tano, mia sita. Mimi macho yangu haya, nitajuaje ipi nzuri? Basi kila Alhamisi jioni naenda kwenye makoti ya baridi. Nikikuta kitu kimelala humo, najua hicho kimeshachaguliwa na mtu anayejua nguo. Nakipeleka dirishani. Nyinyi ndio mnanifanyia kazi, na wala hamdai mshahara."

Mpekuzi alinyoosha kidole dirishani. "Huo ni wizi."

"Wizi wa nini? Duka la nani? Wewe uliyeficha na mimi niliyefichua, nani mwizi?"

 Mpekuzi alikuwa ametembea kuvuka barabara akiwa na hotuba nzima kichwani, na hotuba yote iliishia kwenye swali lile.

Mwenye duka alisogeza miwani. Sauti yake ikashuka, ikawa ya kirafiki. "Lakini mimi si mtu wa roho mbaya. Una shughuli nalo?"

"Nina usaili Jumatatu."

"Basi tusaidiane. Koti utalichukua leo kwa bei ya Ijumaa, nitalivua dirishani mbele ya macho yako. Ila kuna vitu vyangu vinapotea kwenye mabomba Jumatatu na kufufuka Ijumaa, na havilali kwenye makoti. Viatu vya ngozi. Sweta za watoto. Wewe umo humu kila siku, unapapasa kila kitu. Niambie vinalala wapi."

Duka lilikuwa limejaa, kama kila Ijumaa. Mama kijana wa sweta alikuwa amesimama kando ya mapazia, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshaingia katikati ya mikunjo. Alikuwa amesikia. Mkono haukutoka wala haukuendelea. Alimtazama Mpekuzi kama mtu anayemtazama daktari mwenye karatasi mkononi.

Mdomo wa Mpekuzi ulikuwa umeshafunguka. Iwe wazi hapa, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakumficha mumewe: jibu lilikuwa ulimini. Lilikuwa maneno mawili tu, na baada yake koti, na baada ya koti ufunguo, na baada ya ufunguo glavu za wafagizi kumi na wanne. Alizipanga sababu zake haraka, zote nzuri. Kisha akauona mkono ule uliokwama kwenye pazia, mkono uliochubuka kama wake, labda kwa kazi kama yake.

"Mimi nalijua koti langu tu," alisema.

"Basi litazame kwa nje," alisema mwenye duka, akarudi kwenye hanga zake.

Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndefu. Mpekuzi alizunguka maduka mengine manne, akageuza nguo nje ndani mpaka vidole vikanuka dawa ya nondo, akarudi mikono mitupu. Jumapili aliifua sare yake ya kijivu. Aliisugua kola kwa mswaki, akaipiga pasi mara mbili, akakishona kifungo kilicholegea, akaketi, akainuka, akaipiga pasi mara ya tatu.

"Mama, utaenda na hiyo?" aliuliza bintiye wa sekondari, ambaye alikuwa ameisoma barua ile kwa sauti mezani. "Wameandika atakayekiuka hatasikilizwa."

"Miaka kumi na mmoja hawajanisikiliza. Nimezoea."

"Mwache mama yako," alisema fundi saa bila kuinua kichwa. "Na wewe mke wangu, keti. Unanitikisia meza, saa ya mwalimu itaanza kukimbia."

Jumatatu saa mbili na nusu aliketi kwenye benchi la korido ya ghorofa ya tatu. Alilijua benchi lile kwa kulifuta, hakuwahi kulikalia. Hakujua mikono aiweke wapi. Wasailiwa wengine wawili, wanaume wa kutoka nje, walisoma magazeti mbele ya nyuso zao. Ndipo mlango wa ngazi ukafunguka, akaingia Mrefu, na Mrefu alikuwa amevaa koti la bluu.

"Shoga, nitazame," alinong'ona Mrefu, akiketi. "Kaka yangu ndiye kanilipia, Jumamosi. Nililiona dirishani nikasema hili limetoka mbinguni. Ila mikono, jamani. Mikono imenisaliti."

Ilikuwa kweli. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, lakini mikono ya koti iliishia juu kabisa ya vifundo, na mikono ya Mrefu iliyobaki nje ilionekana kuendelea bila mwisho. Mmoja wa wale wanaume alichungulia juu ya gazeti, akaficha kicheko.

 Mpekuzi alilitazama koti. Alikijua kila kifungo chake, alijua bitana ilivyotulia kwapani, na alijua jambo moja ambalo katika jengo zima hakuna mwingine aliyelijua: ndani ya mikono ile kulikuwa na kitambaa cha vidole vitatu kikisubiri. Angenyamaza tu. Kunyamaza si kusema uongo, na jopo lingekuwa na msailiwa mmoja aliyevaa sare na mwingine aliyevaa koti la mdogo wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika ishirini.

"Vua," alisema.

"Nini?"

"Vua koti, Mrefu, usiniulize. Kalete birika la chai kutoka jikoni kwa karani, lenye maji yanayochemka."

Alichomoa pini kutoka ndani ya kola ya sare yake, mahali alipozoea kuweka pini mbili na sindano yenye uzi, akaanza kufumua. Uzi wa zamani ulikatika kwa urahisi. Pindo likafunguka, likashuka, bluu yake imeiva kuliko sehemu nyingine za koti kwa sababu haijawahi kuona jua. Alilikunja upya kwa upana wa ukucha, akalishona kwa mishono mirefu, mkono wa kwanza, kisha wa pili. Mrefu alirudi na birika. Mpekuzi akanyunyizia maji mstari wa mkunjo wa zamani, akatandika leso juu yake, akapitisha kitako cha birika kama pasi. Kwa mara ya kwanza katika siku nane mikono yake ilitulia.

"Ulijuaje kuna pindo?" Mrefu aliuliza taratibu.

"Nilikuwa nimelificha. Ndani ya koti la baridi. Toka Jumatatu ile."

Mrefu aliweka mikono kiunoni. "Na mimi nikakuuliza ngazini. Ukaniambia unaangalia angalia."

"Nilikuwa naangalia. Mara mbili kwa siku."

Mrefu alitaka kukasirika, ikaonekana usoni kabisa kwamba anataka, lakini kicheko kilimtangulia. "Mwanamke wewe, Mungu anakuona."

Mlango wa chumba cha usaili ukafunguka, wakamwita mfagizi wa ghorofa ya tatu kwanza. Mpekuzi aliingia na sare yake, uzi wa bluu umening'inia kwenye kidole.

Walikuwa watatu nyuma ya meza aliyoing'arisha yeye. Mwenyekiti alimtazama toka kola hadi viatu. "Ulisoma maelekezo ya mavazi?"

"Niliyasoma, mheshimiwa."

"Na ukaja na sare."

"Sare hii nilipewa na ofisi hii. Ina nembo ya ofisi hii kifuani, na leo nimeipiga pasi mara tatu. Kama haina heshima, naomba nisaidiwe kujua kosa ni la aliyeivaa au la aliyeitoa."

Mjumbe wa kushoto aliandika kitu. Mwenyekiti alikohoa, akasoma swali kutoka kwenye karatasi. "Ukimkuta mwenzako amelala saa za kazi, utachukua hatua gani?"

"Nitamwamsha."

"Hutaripoti?"

"Nikishamwamsha, mheshimiwa, atakuwa hajalala. Nitaripoti nini?"

Hawakucheka, ila mjumbe wa kushoto aliinamisha kichwa zaidi kuliko karatasi ilivyohitaji. Wakamuuliza kama ana la nyongeza. Akaweka viganja vyake juu ya meza, vimegeuzwa juu, akawaeleza habari za kabati.

Barua ya majibu ilikuja baada ya wiki tatu, nayo haikuja kwake wala kwa Mrefu. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ambao yeye ndiye aliyeufuta vumbi. Ilisema kwamba jopo limeridhishwa na kiwango cha wasailiwa, na kwamba nafasi imeahirishwa hadi mwaka ujao wa fedha. Ufunguo wa kabati, kwa muda huo, ungekaa kwa karani. Mpekuzi aliisoma mara mbili, akatafuta mahali pa kuikasirikia, asipate hata sentensi moja yenye mtu ndani yake. Mchana huo alikwenda kwa karani kuomba glavu. Karani akasema hajapewa maelekezo. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tisa, kwa kuchoka kuiona sura yake, karani alitoa pakiti moja.

Mrefu aliingia stoo ya mafagio jioni ya siku hiyo akiwa na koti la bluu mkononi.

"Kwangu litaliwa na panya," alisema. "Likae hapa. Wakituita tena, atakayetangulia kuingia atalivaa, akitoka atamvulia mwenzake. Pindo si unajua kulipandisha na kulishusha?"

"Dakika kumi tu. Ila birika liwe la moto."

Walilitundika kwenye msumari, juu ya ndoo na madekio, mbali na dawa ya vyoo. Tangu siku hiyo Mpekuzi huifungua stoo kila mchana kabla ya kula, hupapasa kifungo cha katikati, halafu hurudi kazini. Mara ya kwanza alikuwa ameshika sare kuukuu mkononi, tayari kulifunika. Alisimama nayo kidogo. Kisha akaitupa kwenye kapu la matambara, akaliacha koti wazi, mtu yeyote anayeingia kuchukua ufagio alione.